Tairi likipasuka nani analipa? Mimi nilikuwa mwenye gari

Mkuu, umeuliza hivi: mama yako mdogo alipanda Noah pale Buzuruga, Mwanza, kwenda Magu, tairi la nyuma likapasuka mbele ya Nyanguge, gari likaviringika, amevunjika mguu. Mwenye gari anakwambia tairi ni kazi ya Mungu, nendeni mkamuuguze mgonjwa wenu. Nakujibu kama mtu aliyewahi kusema maneno hayohayo.

Nilikuwa na Hiace inayopiga njia hiyohiyo. Matairi ya nyuma nilinunua mtumba, jozi, bila risiti. Siku moja ya 2017, saa nane mchana, jua la Kisesa unalijua, la kushoto likaachia. Gari likaingia mtaroni, abiria wanne wakaumia, mmoja vibaya. Nilifika pale na kauli yangu tayari mdomoni: ajali haina kinga.

Kilichonimaliza ni tairi lenyewe. Mkaguzi wa magari wa polisi alililaza chini ya mwembe nyuma ya kituo, akachuchumaa, akapitisha kidole ubavuni. Nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Akasugua matope, zikatokea tarakimu 4: 2109. Yaani limetengenezwa wiki ya 21 ya mwaka 2009. Kisha akalipanua ndani, akanionyesha sehemu moja ambapo waya zilikuwa zimekatika. Zilikuwa na kutu. "Hapa palikuwa na nundu," akasema. Sikuwa na la kujibu. Waya uliokatika leo mchana hauna kutu.

Na kweli nundu ilikuwepo. Wiki mbili kabla, suka wangu, yaani dereva, alinitumia picha: "Bosi, hili tairi limevimba." Nikamjibu avumilie hadi mwisho wa mwezi, hesabu ikae sawa kwanza. Alipokalishwa kituoni akiulizwa kwa nini aliendesha gari bovu, akatoa simu. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeitoa mapema zaidi.

Wakili wa yule abiria aliyeumia vibaya alinisomea kesi moja ya Uingereza ya 1950, Barkway dhidi ya South Wales Transport. Basi lilipasuka tairi, likaacha barabara, likatumbukia kwenye bonde. Kampuni ikajitetea kuwa tairi lilikuwa na jeraha la ndani lisiloonekana, limetokana na kugongwa kwa nguvu mahali fulani. Bado ikashindwa, kwa sababu haikuwa imewaagiza madereva wake watoe taarifa kila tairi linapopata kipigo kikubwa. Kesi za huko haziwafungi majaji wetu, lakini sheria yetu ya uzembe imetoka hukohuko, kwa hiyo huzisikiliza. Fikiria sasa: wale walishindwa kwa kutouliza. Mimi niliambiwa, tena kwa picha! Tukamalizana nje ya mahakama. Kiwanja changu cha Buhongwa kiliondoka.

Kwa hiyo mwenye Noah akisema "limepasuka", hapo ndipo maswali yanapoanza. Lilikuwa la umri gani? Kipara? Iliwekwa tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu ili kuficha kidonda? Upepo ulipimwa lini? Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hujikunja ubavuni kila linapozunguka, linachemka, mwisho linaachia. Noah iliyobeba watu kumi na gunia la mchele juu haihitaji shetani.

Dereva ana kesi yake ya barabarani, hiyo ni ya jamhuri, kazi yake ni kumwadhibu dereva, msiitegemee kumlipa mama mdogo. Fidia ni madai ya pembeni, na mnaweza kumdai dereva pamoja na mwenye gari aliyemtuma kazini. Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka 3, msibembelezwe hadi ukaisha. Muuza tairi naye anaweza kuingizwa, hata kiwanda, kama tairi lilikuwa jipya na mnaweza kuonyesha kasoro ilitoka nalo. Mimi nilimfuata wangu. Akaniuliza risiti iko wapi. Tuliishia hapo.

Bima itazame mapema sana. Abiria wa nauli anakingwa na bima ya lazima, ila gari liwe limekatiwa bima ya kubeba abiria. Noah nyingi za njia ile zina bima ya matumizi binafsi, na hapo kampuni itaanza kuwapiga chenga. Chukua namba ya gari, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima; ni dakika mbili kwenye simu. Wakikuzungusha, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ila kabla ya wakili, kabla ya bima, kesho asubuhi nenda kituoni uulize tairi liko wapi. Omba liandikwe kwenye orodha ya vielelezo. Piga picha zile tarakimu 4, ubavu, na ndani palipochanika. Na uwahi, maana pale nje kuna mafundi wa katambuga, vile viatu vya matairi, na tairi lisilo na mwenyewe halimalizi wiki.