Uyoga mweupe wenye magamba: ni wa kula?

SWALI: Shikamoo mama. Baada ya mvua za juzi, uyoga mkubwa umeota kwenye nyasi karibu na nyumba, umejipanga kwa duara. Kofia ni nyeupe, ina magamba ya kahawia katikati, na mguu una pete. Konokono wameanza kuutafuna, na jirani anasema anachokula konokono hata mtu anaweza kula. Nakutumia picha moja niliyoipiga kwa juu. Je, ni wa kula?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiule, wala usimpe mtu aule.

Konokono si shahidi. Mwili wake haufanyi kazi kama wetu, na hutafuna bila kudhurika uyoga unaoweza kumuua binadamu. Wengine watakuambia uuchemshe na kijiko cha fedha, kikigeuka cheusi ndiyo sumu; au umenye kofia, ganda likitoka vizuri ni salama. Kanuni hizi nimezisikia kwa watu wazima ninaowaheshimu, na kila mara hunitia hofu, kwa sababu uyoga uitwao Amanita phalloides, ambao kofia yake moja yaweza kumuua mtu mzima, humenyeka bila shida na fedha huiacha iking'aa.

Sasa huo wako. Picha ya juu hainisaidii sana. Kofia ndiyo sehemu inayodanganya kuliko zote: mvua huibandua magamba, jua huipausha. Ugeuze. Matamvua, yaani vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia, ni meupe, ya waridi, ya kahawia, au yana ukijani? Yameshikana na mguu au yameacha nafasi? Pete inasogea ukiisukuma? Halafu usiukate kwa kisu, uchimbue wote na udongo wake. Amanita phalloides una kifuko shinani, mara nyingi kimefukiwa, na anayekata juu hukiacha shimoni. Usiogope kuushika, sumu yake haikudhuru kwa kugusa tu. Nawa mikono ukimaliza.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni rangi ya spora, lile vumbi laini linalozalisha uyoga mwingine. Chukua uyoga uliokomaa, ondoa mguu, laza kofia juu ya karatasi iliyo nusu nyeupe nusu nyeusi, matamvua yakitazama chini. Funika kwa bakuli mpaka asubuhi. Spora nyeupe zitaonekana upande mweusi, za rangi upande mweupe. Ukikuta kijani kilichofifia, basi huo ni Chlorophyllum molybdites, ambao ndio ninaoushuku tangu nilipoisoma barua yako: huota kwenye nyasi katika nchi nyingi za joto, tena kwa duara, na magamba yake ni hayo uliyoyaeleza. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe, ndiyo maana watu huudhania Macrolepiota procera, ambao unalika. Lakini Chlorophyllum molybdites hutapisha na kuharisha vibaya ndani ya saa chache.

Vumbi likiwa jeupe, usifurahi. Macrolepiota procera hutoa jeupe, na Amanita phalloides vilevile. Kipimo hiki huondoa majina kwenye orodha, hakitoi ruhusa ya kula. Ruhusa aitoe mtu anayeujua uyoga wa huko, akiwa ameushika mzima mkononi, mchanga na uliokomaa. Picha haitoshi, hata ziwe kumi.

Na kama kuna aliyekwisha kuonja, mpeleke hospitali sasa hivi hata kama anajisikia mzima. Sumu ya Amanita phalloides kwa kawaida hukaa kimya saa 6 hadi 24 kabla mtu hajaanza kutapika. Baadaye huja nafuu ya muda, huku ini likizidi kuharibika. Kuchemsha au kukausha hakuiondoi. Beba mabaki ya uyoga kwenye karatasi, yawe mabichi au yaliyopikwa, na umweleze daktari uliliwa saa ngapi na nani wengine walikula.