Jibu: Kidari cha kuku cha kujaza kinakauka, mchicha unamwagika

Dada, umesema kidari kinatoka kikavu na mchicha wote unaishia kwenye kikaango. Nahisi kisu chako kinatokeza upande wa pili. Chomeka ncha upande mnene, ukate mfuko tu: mdomo mdogo, ndani papana. Mchicha nao ukaange na kitunguu na saumu mpaka maji yakauke kabisa, uache upoe, ndipo uchanganye na jibini. Usishindilie. Bana mdomo kwa njiti za meno.

Nunua kuku wa kisasa. Wa kienyeji kidari chake ni chembamba, huyo mpikie mchuzi tu. Paka chumvi, ndimu na pilipili manga, kisha kaanga kila upande mpaka kipate rangi. Kwa kuwa huna oveni, mimina kikombe cha tui jepesi, funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20. Ukiwa na kipimajoto, kikifika nyuzi 74 katikati kabisa, kwenye mchicha wenyewe, epua hapo hapo. Ukikiacha zaidi ndiyo kinakauka. Kitulie dakika 5, na uhesabu njiti unapozichomoa, hasa kama watoto wanakula. Wali mweupe unatosha kusindikiza.