"Mtu" ni mizani mbili, "mwema" nayo mbili

SWALI: Nimetunga tarbia, shairi lenye mistari minne kila ubeti. Mwalimu akauzungushia wino mwekundu mshororo (mstari) wa kwanza, "Mtu mkarimu hasahau, wema aliotendewa," akisema ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, umezidi: una mizani (silabi) 10 badala ya 8. Mimi nahesabu 8: mtu-mka-ri-mu-ha-sa-ha-u. Nani kakosea?

JIBU: Wewe, ila kosa lako ni la wengi. Umehesabu kwa macho, na mizani ni kazi ya sikio. Tamka "mtu" polepole: midomo inafumba, "m" inasikika peke yake, ndipo inakuja "tu". Hiyo "m" ni mabaki ya "mu" ya zamani. Irabu imedondoka, pigo lake limebaki. Basi m-tu ni mbili, m-ka-ri-mu ni nne, ha-sa-ha-u nne. Kumi kamili.

Sasa tazama "mwema". Hapa "u" haikudondoka, iligeuka "w" ikaungana na irabu iliyofuata: mwe-ma, mbili tu. Ndiyo maana "mwalimu" ni tatu na "mkarimu" ni nne, ingawa yote mawili yanaanza na kiambishi kilekile.

Panapowachanganya hata wazoefu ni "mb". Chukua neno "mbuni". Ukimkusudia ndege, ni mbu-ni, mizani mbili, kwa kuwa "mb" hapo ni sauti moja. Ukimkusudia mtu anayebuni, ni m-bu-ni, tatu, kwa sababu ile "m" ni ya ngeli ya watu. Maandishi ni yaleyale. Maana ndiyo inayokupa hesabu. (Nakiri neno hili hunifurahisha kuliko inavyostahili.) "Mbuzi" na "mbunge" jaribu mwenyewe.

Maneno mafupi kama "nchi" na "mbwa" yahesabu mbili mbili: n-chi, m-bwa. Mkazo wa Kiswahili hupenda silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno hayo hauna pa kukaa ila kwenye "n" au "m" ya mwanzo.

Ukitilia shaka, uimbe mshororo huku ukipiga meza. Mashairi ya arudhi, yaani ya kanuni za jadi, yalitungwa yaimbwe, na panapozidi ulimi utajikwaa.

Kuhusu kuurekebisha: najua utakimbilia inkisari, ile ruhusa ya kufupisha "aliyekuja" kuwa "alokuja". Haikufai hapa, maana "mkarimu" halina pa kukatwa bila kuumia. Badilisha neno: "Mtu mwema hasahau, wema aliotendewa." Nane kwa nane, na vina vyako, yaani miishio ya nusu zote mbili, -u na -wa, havijaguswa. Ila "mwema" na "wema" sasa yamekaribiana mno. Mimi ningeyaacha yaitane; mwalimu wako huenda akachukua tena wino wake.