Gundi ya "kilo 100" na soli iliyoachama

SWALI: Shikamoo Mzee. Natengeneza makobazi ya ngozi, soli ya mpira. Nimebadilisha gundi, muuzaji akaniapia kuwa hii inabeba kilo 100. Mwezi haujaisha wateja wananirudishia, soli imeachama mbele kama mdomo wa mamba. Nitaipimaje gundi kabla sijanunua kopo kubwa? – Fundi makobazi, Morogoro

JIBU: Marahaba, fundi. Huenda muuzaji hakukudanganya. Ila hakukwambia kilo hizo zilivuta kuelekea wapi, wala gundi ilienea eneo gani. Bandika vipande viwili vipishane sentimita 2 kwa 2, uvivute kwa urefu wake: gundi yote inasaidiana, ndoo ya lita 20 inaweza kuning'inia hapo. Soli haiachii hivyo. Inabanduka kuanzia vidoleni, na mzigo wote unaangukia kwenye kimstari kile kinachofunguka. Basi pima kubanduka.

Kata ukanda wa ngozi na wa mpira, upana sentimita 2, urefu 15. Paka gundi kanda zote mbili, ukiacha sentimita 5 kavu ziwe masikio. Subiri hadi gundi isinate kidoleni, bandika, gonga kwa nyundo, acha hadi kesho. Sikio moja lifunge kwenye boriti, la pili lining'inize dumu, halafu mimina maji kidogo kidogo. Lita moja ni kilo moja, karibu nyutoni 10 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kuvuta). Ukibanduka kwa lita 5, hizo ni nyutoni 50 kwa upana wa milimita 20, yaani 2.5 kwa kila milimita. Kwa namba hiyo linganisha kopo na kopo. Pima kanda tano, maana mmoja hudanganya. Na mwingine uanike juani kwanza, gundi nyingi hulegea kwa joto.

Kisha zitazame nyuso, mimi naziamini kuliko namba. Gundi yote ikibaki kwenye ngozi na mpira ukawa mtupu, usimlaumu muuzaji. Mimi niliwahi kurudisha pesa za jozi 11 za viatu vya shule, wiki nzima nikiilaani gundi, hadi nilipopitisha kidole kwenye soli mpya nikakuta utelezi wa mafuta ya kiwandani. Sikuwa nimepiga msasa.

Gundi ikibaki pande zote mbili, imechanika katikati, hapo nguvu yake ndiyo imeishia. Ngozi yenyewe ikichanika kabla gundi haijaachia, kanunue kopo kubwa.