Jibu: Maji ya moto kutoka kiduchu baada ya kuunga bomba za PPR

Salama mkuu. Umesema tangu fundi aunge bomba za PPR (plastiki inayoungwa kwa kuyeyushwa) za milimita 20, maji ya moto ya shawa yanatoka kiduchu, ya baridi yako sawa, na hakuna panapovuja.

Zima umeme, funga maji, kisha fungua valvu ya kuzuia maji yasirudi pale yanapoingia kwenye hita. Vipande vya plastiki hukwama hapo. Ikiwa safi, kata elbo (kiungo cha kona) ya karibu uchungulie ndani. Nashuku utakuta pete ya plastiki iliyoyeyuka imeziba tundu. Bomba lilipashwa kupita kiasi au lilisukumwa kupita kina chake. Kwa nje kiungo cha namna hiyo huonekana kizuri kabisa!

Kiungo hicho hakitengenezeki, nunua elbo mpya. Mashine ya kuyeyushia bomba iwe nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba likatwe bila mshazari, likauke vizuri (tone moja la maji linaharibu kila kitu), kisha weka alama milimita 14 kutoka mwisho. Pasha bomba na elbo kwa pamoja sekunde 5, ingiza hadi kwenye alama ndani ya sekunde 4 bila kuzungusha, usiguse dakika 2.

Soma pia maandishi ya bomba: njia ya moto itumie PN20 (PN ni daraja la shinikizo ambalo bomba linahimili), PN10 ni ya baridi.