Alasaiti ya Marafa? Hapana, ndugu yangu

Salaam. Ndugu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kama fuwele ulizouziwa na dalali kule Marafa ni alasaiti ya volkano kama alivyokuapia, na kwa nini madini hayo, yenye muundo wa kwatsi, lile jiwe gumu la kawaida linalofanana na kioo, hayahesabiwi pamoja na kwatsi. Nilifundisha kemia hapa Malindi hadi nikastaafu, na mawe huletwa kwangu mpaka leo. Nianze na la pili, ndilo tamu.

Kwatsi ni silikoni na oksijeni basi. Kila silikoni imezungukwa na oksijeni nne, na kila oksijeni imeshikwa na silikoni mbili. Sasa chukua silikoni mbili zilizo jirani. Kila moja ina chaji nne, jumla nane. Zitoe, mahali pake weka alumini yenye chaji tatu na aseniki yenye chaji tano. Jumla ni nane ileile, na jengo halijaanguka. Hiyo ndiyo alasaiti, AlAsO4. Kwa kuwa alumini na aseniki hupishana zamu kwa zamu, mpangilio huchukua masafa marefu zaidi kabla ya kujirudia: yapata angstromu 11.2 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) upande wa wima wa fuwele, ambapo kwatsi ni 5.4.

Lakini wanaoainisha madini hutanguliza kemia, umbo baadaye. Aseniki iliyoshika oksijeni nne ni aseneti, na aseneti huwekwa pamoja na fosfeti na vanadeti, ambamo fosforasi au vanadi ndiyo iliyoshika oksijeni nne; ni darasa la nane katika mpango wa Strunz, orodha inayotumika kuainisha madini. Humo alasaiti imekaa ubavuni mwa belinaiti, AlPO4, ambayo ni jengo hilohilo, ila fosforasi ndiyo iliyokaa pa aseniki. Mimi naona mpango huo unaficha undugu wake na kwatsi. Hata hivyo, kuupanga upya kwa umbo peke yake kungeweka rafu moja na kwatsi ya mchanga wa pwani kitu ambacho karibu 45% ya uzito wake ni aseniki, elementi yenye sumu, na hilo nalo silipendi.

Kuhusu Marafa: ile miamba ni mchanga ulioshikamana, ukachongwa na mvua na upepo. Wekundu wake ni wa chuma, si wa moto, watalii waiite jiko la jehanamu wapendavyo. Alasaiti ilielezwa mwaka 1994 kutoka Tolbachik, volkano ya Kamchatka, Urusi, kwenye matundu ya gesi yaliyobaki baada ya mlipuko wa 1975 na 1976. Gesi yenye joto la mamia ya digrii hupanda na aseniki, hukutana na oksijeni ya hewa, nayo alumini hutoka kwenye mawe ya volkano yenyewe. Bila matundu ya namna hiyo, sijui dalali wako angeitoa wapi. Tena huko kwenyewe hupatikana kwa punje ndogo ndogo, si vipande vya kujaza kiganja.

Ukitaka uhakika, kwaruza chupa ya soda. Kwatsi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, na itaacha mstari wazi. Alasaiti, 5 hadi 5.5, itahangaika. Kisha pima jiwe kavu kwenye mizani ya jikoni. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kwanza kwa gramu utakazosoma. Ukipata karibu 2.65 ni kwatsi. Alasaiti ingekuwa karibu 3.3. Mawe ya Marafa niliyoletewa kwa jina hilo yote yalikuwa kwatsi.

Kuna watakaokwambia uliweke jiwe kwenye makaa unuse kama latoa harufu ya kitunguu thomu. Kipimo hicho ni cha zamani na kina ukweli, ila moshi huo wa aseniki ni sumu, usijaribu. Na kama hujamaliza kumlipa dalali, mlipe bei ya kwatsi.