Heda mpya (mabomba ya moshi yanayofungwa kwenye injini) kwenye Chevrolet Silverado ya injini ya lita 5.3 zinavujisha moshi hata baada ya kubadilisha gasketi

Gasketi haina kosa, angalia flanji ya heda (bamba lake linalobana kwenye injini): hupinda kwa joto la kuchomelea. Ifungue, ilazie juu yake rula ya chuma iliyonyooka. Fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.25 ikipita chini ya rula, ipeleke heda ikasawazishwe, la sivyo utaendelea kununua gasketi tu. Weka gasketi mpya ya tabaka za chuma, bila silikoni. Kaza bolti kutoka katikati kwenda pembeni, kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 15 kwanza, kisha 25. Washa injini ipate moto, iache ipoe kabisa, ukaze tena 25. Ila kagua kwanza bolti za mwisho nyuma, silinda ya 7 na 8. Hizo ndizo hukatikia ndani ya hedi (kichwa cha silinda), na mlio wa tik-tik husikika injini ikiwa baridi.